Tuta la Gari Moja

Tuta la akina Jilo lilikuwa na nafasi ya gari moja, na magari yalikuwa mawili. Basi. Ugomvi wote ulianzia hapo, na anayedhani ni jambo dogo hajawahi kukaa kandokando ya Mto Tana mwezi wa tano.

Tuta lenyewe lilijengwa na marehemu mzee, baba yao Jilo na Dabaso, baada ya mafuriko ya zamani kumwachia nyumba tupu. Mzee alichimba, wanawe wakabeba udongo kwa karai na kuushindilia, mwaka baada ya mwaka, mpaka tuta likapita kimo cha mlango. Tangu hapo, pale kijijini kwao jirani na Golbanti, mto ukifura vitu hupanda tutani na watu huenda Minjila kwenye nchi kavu. Safari hii mvua ilikuwa imekataa kukatika, na maji ya bara nayo yakateremka yote kwa pamoja kana kwamba yameitwa. Barabara ya Minjila ilikatika asubuhi, pale bondeni. Watu wangeweza kuondoka kwa mtumbwi, lakini gari halipandi mtumbwi. Na juu ya tuta tayari kulikuwa na mahindi ya nyumba mbili, vitanda, cherehani, na mbuzi wa majirani, maana huwezi kumwambia jirani mbuzi wake waogelee. Ukibana vizuri, ilibaki nafasi ya gari moja.

Gari la kwanza lilikuwa Pijo 504, pikapu, la Sarah, mjane wa Jilo. Jilo alilinunua likiwa tayari limezeeka, akamfundisha mkewe kuliendesha kwenye majaruba yaliyokauka, na alipofariki watu wote wenye busara walimshauri Sarah aliuze. Sarah hakuuza. Alilipakia ndizi na maembe akayapeleka soko la Garsen, akarudi na unga, sukari na mabati ya watu. Kwa gari hilo alisomesha watoto wake wawili na hakuna aliyewahi kumwona mlangoni kwa mtu akiomba kibaba. Likilala majini wiki kadhaa, mambo yake yamekwisha. Angerudi kuwa mjane wa kuomba nauli kwa shemeji, na shemeji huyo angempa, na angempa mbele ya watu. Hilo ndilo alilolihofia Sarah tangu alfajiri.

Gari la pili lilikuwa la huyohuyo shemeji. Dabaso, kifungua mimba, alirithi Landrova 109 ya baba yake, ile ndefu yenye turubai nyuma. Alilipenda gari lile. Mkewe alisema waziwazi kwamba likikohoa usiku Dabaso huamka, lakini yeye akikohoa huambiwa anywe maji.

"Mama, hapa hakuna la kujadili," Dabaso alisema. Alikuwa amesimama chini ya tuta, suruali ameikunja hadi magotini, funguo mkononi. "Tuta ni la baba. Gari ni la baba. Nalipandisha."

"Na udongo ulibebwa na nani?" Sarah akauliza. "Jilo alibeba karai mpaka utosi ukaota sugu. Nafasi yake iko wapi hapo?"

Mama yao, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Jilo, alikuwa ameketi juu ya gunia la mahindi, miguu inaning'inia. Yeye ndiye aliyekuwa amebaki wa kuamua mambo ya boma lile, na alikuwa na tabia ya kuwaacha watu waseme mpaka wachoke. Pembeni, kwenye ukingo wa mtumbwi wake, alikaa Nuhu, mchuuzi wa samaki kutoka Kau, rafiki wa nyumba ile tangu enzi za mzee. Alikuwa amepanda mto kuja kuwavusha, na badala ya kuvusha alijikuta anatazama kesi. Hakuonekana kuchukia.

"Nyinyi watu wa ndizi mna mambo," Nuhu alisema. "Maji yanakuja, nanyi mwapimana vyuma."

"Na wewe mtu wa samaki, nyamaza kama samaki," Mama Jilo akamjibu, na Nuhu akacheka. Kisha mama akawageukia wale wawili. "Baba yenu hakusema tuta ni la mkubwa wala la mdogo. Alisema ni la kuokoa mali. Kila mmoja anisifie gari lake. Nikisikia, nitaamua. Na fanyeni haraka, mto hausubiri hotuba."

Sasa hapo Dabaso alifurahi. Ukimwambia Dabaso asifie Landrova umemwambia bata aogelee.

"Mama, hili gari linavuta magurudumu yote manne," alianza. "Udongo huu mweusi wetu ukilowa, gari gani jingine linatoka hapa kwenda Minjila? Pijo linavuta nyuma tu. Likigusa tope linasota pale pale, linajichimbia kaburi. Mimi nimelivuta mwenyewe, Sarah shahidi."

"Umelivuta," Sarah alikubali. "Mara nyingi."

"Haya. Injini yangu ukubwa wake ni cc elfu mbili mia mbili na ushee. Hilo lake elfu moja mia nane. Chini, Landrova limeinuka, kuku anapita na vifaranga. Springi zake za vyuma vinene mbele na nyuma. Lilibeba mbao za kanisa, lilibeba saruji ya shule, lilibeba jeneza la baba mwenyewe katika mvua, na hakuna aliyeshuka kusukuma."

Mama Jilo alitikisa kichwa polepole kukubali. Jeneza lile alilikumbuka.

"Sarah?"

Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na Sarah naye alivuta. Alisema injini ya Pijo ni ndogo lakini ina nguvu kushinda ile kubwa, maana Landrova lina nguvu za farasi sabini kwa shida, na Pijo linapita hapo. Kwenye lami ya Garsen kwenda Malindi Pijo linakimbia mia na ushee likiwa limejaa maembe, na Landrova kwa mwendo huo linatetemeka utadhani lina homa. Petroli, lita moja Pijo linakwenda kilomita kumi. Landrova kwa lita hiyo halifiki sita. Mzigo, Pijo linabeba tani na zaidi, na ndizi zinafika hazijapondeka.

"Lami," Dabaso alisema kwa dharau. "Mama, unaona lami hapa?"

Mama hakuona lami. Hakuna aliyeiona. Kulikuwa na tope, na nyuma ya migomba maji yalikuwa yameanza kung'aa, yakitambaa taratibu kwenye vijia vya mbuzi. Sarah aliyaona, akajua anashindwa. Kila sifa aliyoitaja ilikuwa ya barabara nzuri, na wao hawakuwa na barabara nzuri wala mbaya. Kwa vipimo vya mahali pale, Landrova lilikuwa bora, na mjinga tu angebisha. Akafikiria soko la Garsen, na wale wanawake wanaomngoja kila asubuhi na mikungu yao kando ya njia, na jinsi watakavyomtazama akipita kwa miguu.

Nuhu alikuwa amejinyoosha mtumbwini. "Mimi sina gari," alisema, hakuna aliyemuuliza. "Lakini ningekuwa hakimu, wallahi, ningempa Dabaso. Gari lile ni dume."

Ni neno lile la Nuhu lililomfungua macho Sarah. Alimtazama yeye, akautazama mtumbwi wake, kisha akayatazama magunia aliyokalia mama mkwe. Akajifuta uso kwa ncha ya leso.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya upole, ile ya kumkaribisha mtu chai. "Mimi nakubali Landrova ni bora. Nataka tu kuelewa. Bodi lake ni bati gani?"

"Alumini," Dabaso alisema. "Alumini tupu. Halijui kutu hilo."

"Hata likilowa?"

"Hata ulizamishe mwaka. Lako ni bati la chuma, mvua ya siku mbili tu limeota wekundu. Angalia milango yako."

"Ni kweli, milango yangu imeoza. Na injini yako je, maji yakiingia?"

Dabaso alicheka. "Injini ya Landrova? Namwaga oili, nafungua plagi, nakausha, natia oili mpya, inawaka. Betri, stata na kabureta navitoa mapema, spana mbili tu. Baba alinifundisha nikiwa sijaota ndevu."

"Na waya?"

"Waya gani? Zile nne tano? Nitazibadilisha mwenyewe nimefumba macho."

"Difu? Gia?"

"Sarah, mimi nimevuka na gari hili maji yakiingia mlango huu na kutokea mlango ule. Samaki waliniamkia. Difu nilimwaga oili, nikaendelea na safari. Hili si gari la kuogopa maji."

"Kumbe maji haliyaogopi," Sarah alisema.

"Haliyaogopi kabisa."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Dabaso alikuwa amesifiwa mpaka akafurika. Sarah akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama, mafuriko yakija, mtumbwi tunaupandisha tutani?"

Mama Jilo alikunja uso. "Mtumbwi upande tutani kufanya nini? Mtumbwi unafungwa chini."

"Na mahindi?"

"Mahindi yanapanda."

"Kwa nini? Mahindi ni bora kuliko mtumbwi?"

Mama alimtazama Sarah, akamtazama mwanawe, na kicheko kikaanza kumtikisa mabega. Nuhu aliketi wima. Hata yeye alikuwa ameelewa, na kwa heshima ya urafiki alitazama kando.

"Mahindi yanapanda kwa sababu yakilowa yamekwisha," Mama Jilo alisema. "Dabaso mwanangu, umejifunga kwa kamba yako. Ulidhani tuta ni kiti cha mgeni wa heshima. Tuta ni la wanyonge. Kama gari lako ni mtumbwi, basi lifunge chini. La Sarah ni mahindi. Lipande."

Dabaso alifungua mdomo. Akalitazama Landrova. Mama akamuuliza, "Una neno?" Nuhu naye alikuwa anamtazama.

"Sina," Dabaso alisema. "Landrova litavumilia."

Sarah alilipandisha Pijo mwenyewe, gia ya kwanza, mbao zimetandikwa chini ya magurudumu, Dabaso na Nuhu wakisukuma nyuma. Ndiyo, Dabaso alisukuma. Sarah alipozima injini kule juu, kati ya cherehani na mbuzi, aliupiga usukani kofi kwa furaha. Alikuwa amemshinda mtu mzima kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya mama yake, na hakuona haya hata kidogo. Alijiona mwerevu, na kusema kweli alikuwa mwerevu.

Dabaso aliliegesha Landrova mguuni mwa tuta, akatoa betri, stata na kabureta, akavifunga kwa nailoni na kuvipandisha tutani. Akalifunga gari kwa kamba ya mtumbwi kwenye nguzo ya mkoko. Akapapasa boneti mara moja. Kisha wakaondoka kwa mtumbwi wa Nuhu, na jioni ile mto ukaingia kijijini bila kubisha hodi.

Maji yalikaa. Yalipita viti vya Landrova, yakafika kwenye vioo, yakatulia hapo kama yamepata nyumba. Kule Minjila watu walilala mahemani wakala maharage ya msaada, wakakohoa, wakagombana foleni za maji ya kunywa. Dabaso alikuwa akiomba mtumbwi kila alipoupata na kwenda kulitazama gari lake. Nuhu alimtania siku moja, akamuuliza kama samaki wamelipia nauli, na Dabaso akainuka akaondoka. Watu wakasema amenuna kwa kushindwa na mwanamke. Sarah naye alisema hivyo hivyo, tena akaongeza chumvi.

Maji yaliposhuka, yalishuka polepole, yakaacha tope jeusi lenye kunuka juu ya kila kitu. Jua likawaka, tope likaanza kukauka na kupasuka. Mama Jilo alibaki Minjila, Nuhu alikuwa amesharudi Kau kutazama nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo siku ile pale bomani walikuwa wawili tu, Sarah na shemeji yake.

Pijo liliwaka kwa jaribio la pili. Sarah alishuka nalo tutani, akazunguka uwanjani, akatokwa na machozi bila kujificha.

Na Landrova? Dabaso alifanya kazi tangu asubuhi. Alimwaga oili iliyogeuka kama uji, akafungua plagi, akakausha, akasafisha, akabadilisha waya alizozisema, akarudisha betri, stata na kabureta. Sarah alimpelekea maji na ndizi za kuchoma. Alasiri injini ikakohoa, ikatema maji meusi kwenye ekzosi, ikakamata. Ikanguruma vilevile kama zamani. Bodi lilipopanguswa tope halikuwa na hata alama ya kutu. Kila alichokisema mtu yule kilikuwa kweli.

"Umenishinda, shemeji," Sarah alisema, na alifurahi kwa dhati. Sasa wote wawili walikuwa wamepona, na ule ushindi wake wa siku ile haukuwa umemgharimu mtu kitu.

Dabaso hakucheka. Alikuwa anatazama magurudumu, yaliyokuwa yamezama hadi nusu, tope limeyashika kama saruji. "Vuta taratibu," alisema. "Nitaingiza gia ya magurudumu yote manne huku. Wewe vuta taratibu sana."

Walifunga mnyororo nyuma ya Pijo na mbele ya Landrova. Pijo lilikuwa limesimama pakavu, na Sarah alijua kuachia klachi kwa upole, Jilo alimfundisha hivyo. Mnyororo ukakaza. Landrova likanguruma, magurudumu ya mbele yakajinasua, likasogea kidogo, na Sarah akaongeza mafuta kidogo tu.

Ukatokea mlio mmoja mzito, wa kitu kinachokatika. Mbele ya Landrova ilikuja, nyuma ilibaki topeni. Gari lilikunjika katikati, tumbo likagusa chini, milango ikabana, turubai likachanika. Sarah alizima gari akashuka mbio.

Dabaso alikuwa amekaa kwenye usukani, hajaumia. Injini yake bado ilikuwa inanguruma vizuri kabisa. Sarah aliinama, akatazama chini. Alumini juu ilikuwa nzima. Lakini ile chasisi ya chuma inayobeba kila kitu ilikuwa imegeuka maganda. Alipoigusa ilimeguka mkononi kama mkate mkavu, na hapa na pale aliona vibati vilivyochomelewa juu ya matundu, vibati vya zamani, vimepakwa rangi nyeusi ili visionekane.

"Hii si kutu ya mafuriko haya," alisema.

"Siyo." Dabaso alizima injini. "Ni chumvi. Miaka ile nilipokuwa nabeba magunia ya chumvi na samaki wabichi, kila siku, nikifika nalala. Baba alikuwa analiosha gari hili kwa mkono mpaka chini. Mimi sikuliosha. Nilipokuja kutazama, limeshaliwa. Nikampata fundi Garsen, akanichomelea, nikamwomba asimwambie mtu."

"Ulijua, siku ile tunabishana?"

"Nilijua. Nilijua likilala majini halitoki."

Sarah alisimama, mikono imejaa maganda ya kutu. Alikumbuka yale maswali yake ya upole, moja baada ya jingine, na jinsi alivyoyapanga. Hasira ilimpanda, na hakujua ni hasira kwa nani.

"Sasa mbona hukusema? Mama alikuuliza una neno, ukasema huna. Neno moja tu, Dabaso. Ungesema chasisi imeoza, gari lako ndilo lingekuwa mahindi."

"Niseme mbele ya mama?" Dabaso alikuwa bado ameshika usukani. "Gari lililombeba mumewe kaburini, nimwambie nimelilisha chumvi mpaka likaoza, na hata kuliosha nilishindwa? Tena Nuhu anasikiliza, akalieneze Kau yote? Nilifungua mdomo, Sarah. Uliniona. Neno halikutoka."

Kisha akainamisha kichwa juu ya usukani, mtu mzima yule, akalia. Sarah hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya jeneza. Huruma ilimshika vibaya, akauegemea mlango ule uliobana, akasema neno la kwanza lililomjia la kumfariji.

"Ungeniambia hata mimi pembeni. Wallahi, shemeji, ningekuachia tuta."

Dabaso aliinua uso, akajifuta kwa kiganja chenye oili.

"Najua," alisema. "Wewe ungeniachia. Hilo nililijua hata siku ile."

Alisema bila kejeli, kama mtu anayetaja jambo ambalo kila mmoja analijua. Sarah akayahamisha macho, akalitazama Pijo lake lililokuwa linang'aa juani, kavu, zima, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na hakika hiyo.